Mgongo, mazuti na batri: maneno juu ya mashine ya kuinua mizigo ya depo yetu

(Maneno haya yalisemwa mbele ya mkutano wa mutualite, Banalia. Yameandikwa tena kwa ajili ya jarida, ili memba waliokosa mkutano na wafadhili walio mbali wapate kuyasoma.)



Komite iliniomba niseme juu ya mashine. Mnajua kwamba barua ilifika kutoka kwa marafiki wanaotusaidia, na ndani yake kuna swali moja. Kama pesa itapatikana, je, depo yetu ya karibu na bac inataka mashine ya kuinua mizigo, ile yenye mkono mrefu unaonyooka? Tena wanataka iwe ya umeme, isiwe ya mazuti. Tangu barua isomwe, kijiji kimejaa maneno. Wengine wanasema: "Ilete, maendeleo imefika." Vijana wa kupakia wanasema: "Hiyo mashine itakula chakula yetu." Mzee mmoja alinisimamisha barabarani, akauliza kama mashine itakuja na umeme wake ndani ya kifuko.

Swali la yule mzee ndilo zuri kuliko yote, na nitalirudia. Lakini kwanza niseme wazi mawazo yangu, msije mkakaa hapa saa nzima mkiyatafuta. Mashine kubwa, kwa sasa, mimi nasema hapana. Umeme, ndiyo, na inawezekana mapema kuliko wengi wanavyofikiri. Sasa nieleze.

Hiyo mashine ni kitu gani? Watu wa shantie huiita Manitou tu, hata kama imetengenezwa na wengine. Manitou ni jina la kampuni moja ya Ufaransa, sawa vile sisi tunaita sabuni yote ya unga Omo. Fikiria trekta iliyowekewa mkono wa chuma mgongoni, na mkono huo unatoka ndani ya mkono mwingine, kama antena ya radio ya zamani. Mbele kuna meno mawili ya kubebea palete. Ukitoa meno unaweza kuweka ndoo ya kuchota mchanga, ao ndoano ya kuinulia mbao za paa. Kampuni JCB ya Uingereza ilitoa ya kwake ya kwanza mwaka 1977, na wakulima waliipenda sana, maana mashine moja ilipanga majani ya ng'ombe, ikapakia mbolea, ikainua na mabati. Wajenzi wakaichukua, na watu wa depo pia.

Kwa miaka zaidi ya 40 karibu zote zilikunywa mazuti. Mwaka 2020 JCB hao hao wakaleta ya batri, wanaiita 525-60E. Inainua tani 2 na nusu, mkono unafika mita 6, na batri yake ina kilowati-saa 24. Merlo na Faresin za Italia wako na zao, na Manitou wenyewe pia. Kule Ulaya sababu zao zinaeleweka. Ndani ya depo iliyofungwa, ao ndani ya zizi, moshi wa mazuti unaua watu na wanyama polepole. Kwenye mji, kelele inaleta kesi na majirani. Mji wa Oslo, kule Norwe, umeamua kwamba kuanzia mwaka 2025 shantie za manispaa zitumie mashine zisizotoa moshi. Mtu wa Oslo akinunua ya umeme anafuata sheria ya mji wake, na plagi iko ukutani.

Sisi sababu zetu ni zingine. Hapa hakuna jirani atakayekushitaki kwa kelele ya gurupu. Sababu yetu ya kwanza ni mazuti yenyewe. Ile inayofika Banalia imepanda mto kutoka Kinshasa, ao imetoka mashariki kwa kamio, halafu imefanya kilometa 128 kutoka Kisangani kwenye barabara mnayoijua. Mvua ikikata barabara, bei inapanda kabla jua halijatua. Mazuti ikikosekana kabisa, mashine inakuwa chuma ya kulalia kuku. Jua, kwa upande wake, halipiti kwenye bariere na halilipi mtu.

Kwa hiyo wanaosema umeme ni anasa ya wazungu, hapana, sikubaliani nao. Mahali ambapo mafuta ni haba ndipo umeme una maana zaidi. Shida iko kwenye swali la yule mzee: utatoka wapi?

Hautatoka kwa SNEL. Kituo cha mto Tshopo pale Kisangani kilijengwa miaka ya 1950, kina turbine 3, na kwa miaka mingi si zote zinazunguka pamoja. Hata watu wa Kisangani wanajua kungojea umeme. Waya wake haufiki kwetu. Basi kunabaki jua, ao gurupu.

Tuchukue gurupu kwanza, maana kuna watu wameshaanza kusema "tutachaji na gurupu, basi". Gurupu inayofanya kazi vizuri inatoa kama kilowati-saa 3 kwa lita moja ya mazuti. Kujaza batri ya 24 ni lita 8, na hapo sijahesabu umeme unaopotea ndani ya chaja. Umenunua mashine ya umeme kwa bei ya juu, halafu unainywesha mazuti kwa mzunguko. Hiyo ni kumlipa mtu akubebee mzigo, na wewe unambeba yeye.

Tuchukue jua. Sisi tuko karibu na ikweta lakini tuko ndani ya msitu, na mawingu hayatuogopi. Nahesabu saa 4 za jua kamili kwa siku, kwa kulinganisha siku nzuri na mbaya. Pano moja ya wati 400 itatoa kilowati-saa 1.6. Ili kujaza 24 unahitaji pano 15, na ukihesabu hasara za waya, joto na chaja, weka 20. Tena ongeza batri zingine za kukaa chini, maana mashine inafanya kazi mchana, saa ile ile ya jua. Unaona? Bei ya mashine ni mwanzo tu, nyuma yake kuna kituo kizima cha umeme. Na pano 20 juu ya paa la depo ni pano 20 za kulinda usiku. Sisi tuliokimbia na kurudi tunajua nyumba isiyolindwa inabaki na nini. Wengi wetu tulikuta hata milango imeondoka.

Sasa naomba mnisikilize vizuri hapa, maana hii ndiyo sehemu iliyobadilisha mawazo ya komite.

Kazi ya kuinua, yenyewe, inahitaji nguvu kiasi gani? Tuchukue magunia 1000 ya kilo 100 kila moja. Hizo ni tani 100, kamio kumi za tani kumi kumi. Tuyainue yote mita 2 juu, kimo cha kitanda cha kamio na zaidi kidogo. Hesabu ya fizikia ya shule ya sekondari inasema hiyo ni kama nusu ya kilowati-saa. Nusu! Niliirudia hesabu mara tatu, halafu nikampa mwalimu wa fizikia airudie na yeye. Bila shaka mashine yoyote inapoteza nguvu njiani. Tuseme ndogo itatumia mara sita ya hiyo. Inakuwa kilowati-saa 3 na kidogo kwa magunia 1000. Pano 2 zinatosha siku ya jua zuri, weka 4 ili ulale vizuri.

Basi zile 24 za mashine kubwa zinakwenda wapi? Zinakwenda kuubeba mwili wake mwenyewe, tani kama 5, kuupitisha kwenye tope, kuupandisha mlima, na kusukuma mafuta ya hidroliki ya ule mkono. Kwenye shamba kubwa ao kwenye jengo la ghorofa, hiyo ina maana. Lakini depo yetu ni chumba kimoja, mlango mmoja, na kamio imesimama mbele ya mlango. Mkono wa mita 6 utafika wapi? Utatoboa bati.

Kuna na hatari moja ambayo karatasi za matangazo huiandika kwa herufi ndogo. Ile tani 2 na nusu ni wakati mkono uko karibu na mwili wa mashine. Mkono ukinyooka mbele, nguvu inapungua sana, sawa vile wewe unabeba ndoo ya maji kwenye kifua, lakini ukinyoosha mkono huwezi kuishika hata dakika moja. Shoferi asiyejua kusoma mchoro wa mizigo ataiangusha kwa pua. Na uwanja wetu unateremka kuelekea mtoni, kila mtu hapa anajua mpira wa watoto unaishia wapi.

Ndiyo sababu nasema tuanze na kitu kidogo. Kuna transpalete ya mkono, kile kigari cha chini kinachoingia chini ya palete, unapiga mpini kama pompa na mzigo unanyanyuka kidogo, unavuta. Hakina batri wala umeme. Halafu kuna ndugu yake wa umeme, mwenye mlingoti mbele, anayeinua palete mpaka mita 2 ao 3, tani moja ao zaidi kidogo, na mtu anatembea nyuma akishika usukani. Batri yake kwa kawaida ni ya volti 24. Kama ina amperi-saa 200, hiyo ni kilowati-saa 4.8, na jua letu linaweza kuilisha. Mashine hizi si mpya. Depo za Ulaya na Amerika zilianza kutumia vigari vya batri mwanzoni mwa karne iliyopita, sababu ndani ya nyumba moshi hautakiwi.

Lakini kigari hiki kina magurudumu madogo. Kwenye udongo hakiendi. Kinataka sakafu ya simenti, ngumu na laini. Wafadhili mtakaosoma haya, najua simenti haipendezi kwenye picha. Hakuna anayekata utepe wa sakafu. Hata hivyo, bila sakafu mashine yoyote mtakayotuletea itazama, na kwa sakafu peke yake tayari mpunga wetu utaharibika kidogo kuliko sasa, maana unyevu unapanda kutoka chini. Palete zitatengenezwa hapa hapa. Mbao tuko nazo, maseremala tuko nao, na kakao ao mpunga ukikaa juu ya palete unapata hewa chini yake. Kwa hiyo hata kabla ya mashine kufika, tumepata faida.

Sasa nije kwenu vijana.

Sitawadanganya. Mashine inapunguza mikono. Yule anayewaambia kwamba hakuna atakayepoteza siku hata moja ya kazi, anatafuta makofi. Naomba tu tuangalie ile kazi yenyewe kwanza.

Banalia hii ina historia yake na mizigo. Mwaka 1887 Stanley alipita mto Aruwimi akienda kumtafuta Emin Pasha. Aliacha nyuma, pale Yambuya, kundi la watu na mizigo mingi chini ya Meja Barttelot, wangojee wapagazi wa Tippu Tip. Walingojea karibu mwaka mzima, na wengi walikufa kwa njaa na magonjwa. Wapagazi walipofika, kukawa na ugomvi juu ya uzito. Mizigo ikafunguliwa, ikafungwa upya iwe miepesi. Msafara ukatoka, ukafika hapa Banalia, na tarehe 19 Julai 1888 Barttelot akapigwa risasi akafa. Stanley aliporudi mwezi wa Agosti alikuta kundi limevunjika. Sisemi Barttelot alikufa juu ya kilo. Kulikuwa na ukali na mambo mengine mengi. Nasema tu kwamba wapagazi wale, katika hali ile mbaya, walikuwa na mpaka wao wa uzito na waliudai. Mzigo wa kawaida wa mpagazi wa safari za wakati ule ulikuwa kama kilo 30.

Leo, zaidi ya miaka 130 baadaye, tunaweka kilo 100 juu ya kichwa cha kijana wa miaka 19. Kweli, mpagazi wa zamani alitembea siku nzima, na huyu anatembea hatua chache mpaka kwenye kamio. Lakini anarudi, na anarudi, na anarudi. Shirika la Kazi la Kimataifa, lile BIT, liliandika mwaka 1967 katika pendekezo lake namba 128 kwamba mzigo wa mwanaume mzima anaoubeba kwa mikono ukizidi kilo 55, hatua zichukuliwe haraka kuupunguza. Sisi tunabeba karibu mara mbili. Ninyi wenyewe mnawajua waliopakia miaka kumi. Wanakaa vipi? Wanainuka vipi kwenye kiti asubuhi? Sitataja jina la mtu hapa, familia zao wanasikiliza.

Kwa hiyo sioni ubaya wa mashine kuchukua gunia la kilo 100. Ubaya ni mashine kuchukua gunia pamoja na pesa yake. Hayo ni mambo mawili, na la pili halitoki kwenye batri. Linatoka kwenye mapatano.

Leo mnalipwa kwa gunia. Tuseme tunaleta magunia ya kilo 50. Mfanyabiashara atalipa nusu bei kwa gunia, na hiyo ni haki, kilo ni nusu. Halafu siku moja atasema: "Lakini sasa mashine ndiyo imeinua, wewe umesukuma tu, chukua robo." Hapo ndipo chakula inaliwa. Komite ya depo imekubali kuweka hili kwenye karatasi: malipo yawe kwa tani, kwa bei ile ile ya leo, yalipwe kwa kundi la wapakiaji, na mashine iwe mikononi mwa kundi hilo. Iwe ya mutualite kwa hati, lakini wapakiaji ndio wanaoiendesha, wanaoitunza, na wanaogawana pesa ya tani. Sehemu moja ya pesa hiyo inaingia kwenye kasa ya batri kila wiki. Mtu wa nje hataleta shoferi wake. Hii sikuitoa kichwani mwangu peke yangu, vijana wawili wa kundi walikaa na sisi jioni tatu tukiibishana, na kifungu cha shoferi wa nje ni chao.

Kijana mmoja aliuliza hapa mbele: "Na siku bac imeharibika?" Swali la mtu anayejua kazi. Siku ile mizigo inavuka kwa mitumbwi. Inashuka kutoka kwenye kamio, inateremka kingo, inaingia mtumbwini, inatoka ng'ambo, inapanda tena kamio nyingine. Hakuna kigari cha umeme kitakachoshuka kwenye zile ngazi za udongo. Siku ile mgongo wa mtu unafanya kazi mara mbili. Ndiyo maana nataka mgongo huo usiwe umemalizwa kwenye depo siku zingine zote. Na magunia ya kilo 50 yatasaidia kwenye mtumbwi kuliko mashine yoyote.

Juu ya batri yenyewe, kuna aina mbili za kufikiria. Kuna ya risasi (ile madini, msishtuke) na ya lithiamu. Ya lithiamu ni nyepesi, haitaki maji, inaweza kuchajiwa kidogo kidogo saa ya chakula, na ikitunzwa inaishi muda mrefu zaidi. Lakini ndani yake kuna kadi ya elektroniki inayoiongoza, na siku kadi ikifa, fundi atakuambia "agiza", na kuagiza mnakujua. Ya risasi ni nzito, na kwa kigari cha kuinua uzito huo unasaidia, unazuia kisianguke mbele. Mafundi wanaijua. Inataka maji yaliyosafishwa maalum ya batri, tena kila mara. Maji ya Aruwimi hapana, hata yakichemshwa na kuchujwa. Wakati wa kuchaji inatoa gesi inayoweza kulipuka, basi mahali pa kuchaji pawe wazi na hakuna sigara. Na msidanganywe na mtu anayetaka kuwauzia batri za kuwashia kamio badala yake. Zile zimetengenezwa kutoa nguvu nyingi kwa sekunde chache, ukizifanyisha kazi ya siku nzima zinakufa upesi.

Mimi naegemea ya risasi kwa mara ya kwanza. Ila kwa sharti moja: ikifa, isifunguliwe uwanjani. Risasi inaingia kwenye damu ya watoto na kuharibu akili yao, na asidi ikimwagwa hapa inaishia mtoni. Batri iliyokufa irudishwe Kisangani kwa muuzaji, na hilo liandikwe kwenye mkataba wa kununua, kabla hatujalipa.

Watu wawili waliniuliza juu ya kobalti. "Batri inatoka kwetu, kwa nini tuinunue ghali?" Ni kweli kwamba Kongo inatoa sehemu kubwa kabisa ya kobalti ya dunia, zaidi ya nusu, na inatoka kule Kolwezi na Katanga. Lakini batri ya risasi haina kobalti, na hata za lithiamu nyingi siku hizi ni za chuma na fosfati, hazitumii kobalti hata kidogo. Shaba ya Katanga, ndiyo, iko ndani ya mota na waya. Hasira ya yule aliyeuliza naielewa vizuri. Tunauza jiwe, tunanunua kitu kilichotengenezwa. Lakini hilo haliwezi kutatuliwa na depo ya Banalia, na tusiache sakafu yetu ya udongo tukiwangojea watu wa madini.

Kuna jambo moja ambalo barua ya wafadhili haikuuliza, na ninaliweka hapa makusudi.

Mzigo mzito kuliko wote wa Banalia hauko kwenye depo. Uko kati ya shamba na barabara, na unabebwa na bamama. Gunia la mpunga linapofika kwetu tayari limetembea kilometa nyingi ndani ya kitunga, kamba kwenye paji la uso, mara nyingi na mtoto juu. Likifika barabarani linachukuliwa na kumba-kumba, wale wasukuma baiskeli, ao na moto. Sisi tunaanza kuhesabu mzigo pale unapofika mlangoni, sababu pale ndipo unapolipwa. Mama hakulipwa kwa kubeba. Tulipofanya kikao cha bamama peke yao, nikaeleza mashine ya mita 6, mama mmoja akacheka, akasema: "Hiyo mkono yake mrefu, inafika mpaka shamba?"

Haifiki. Kinachoweza kufika ni moto ya magurudumu matatu, kama njia ya shamba itafyekwa na vijito viwekewe madaraja ya mbao. Moto za umeme zinafanya kazi leo Kigali na Nairobi, mtu anabadilisha batri kwenye kituo na kuendelea. Kule kuna umeme na lami. Hapa sijaona bado jinsi itakavyosimama, na sitaiomba kabla ya kuona ya depo imekaa mwaka mmoja. Lakini njia za shamba zinaweza kufyekwa mwezi huu bila mfadhili hata mmoja, na mitaa miwili imeshaanza.

Wengine watasema mawazo haya ni madogo, kwamba wafadhili wakitoa mkono mrefu tuuchukue, tutaona mbele. Nimefanya kazi kwenye ONG miaka ya kutosha kuona mashine nzuri zimesimama chini ya mti, plastiki bado iko kwenye kiti. Hakuna aliyekuwa na nia mbaya. Kulikosekana lita, ao kadi, ao mtu aliyelipwa kuitunza. Kule Mutwanga, Kivu ya Kaskazini, chini ya Ruwenzori, walianza na mto mdogo. Mbuga ya Virunga ilijenga kituo kidogo cha umeme, kikaanza kazi mwaka 2013, na kiwanda cha sabuni kikaja nyuma ya umeme huo. Mpangilio wao ulikuwa sawa: umeme kwanza, halafu mashine inayolingana nao.

Basi kwa wafadhili, jibu ambalo komite inapendekeza ni hili. Asanteni kwa swali. Pesa ya mashine kubwa, ikiwezekana, igawanywe hivi: sakafu ya simenti ya depo na ya mahali kamio inaposimama, mbao na misumari ya palete, transpalete 2 za mkono, kigari 1 cha umeme cha kuinua, pamoja na chaja na pano 4, na mafunzo ya watu wanne, wawili wa kuendesha na wawili wa kutunza batri. Katika hao wanne, komite inaomba angalau mama mmoja, maana kigari hakiulizi ukubwa wa bega. Kitakachobaki kiwekwe kwenye kasa ya batri kwa jina la kundi, kwa saini tatu.

Kama mashartĩ ya pesa yenu hayaruhusu kununua simenti, tuambieni mapema, na kwa maandishi. Tutaanza na transpalete za mkono na magunia ya kilo 50, polepole.

Kwa memba: kura ni baada ya mapumziko. Karatasi ya mapatano ya tani iko mezani kwa mama wa kasa, imeandikwa kwa Kiswahili na kwa Lingala. Asiyeweza kusoma aombe asomewe yote, na asikubali kusomewa nusu. Wapakiaji watapiga kura yao peke yao kwanza, na wakikataa kifungu cha tano, hatutatuma barua. Na tafadhali, fundi mwenye metre ya mita 20 abaki hapa, kesho saa moja ya asubuhi tunapima sakafu kabla kamio ya mpunga haijafika.